Yai Bichi Halifiki Kwenye Sauti

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita nilikuwa Makambako kwenye mazoezi ya kwaya ya vijana. Kabla hatujapanga viti, msichana wa kidato cha pili alinifuata, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia. Akafungua leso aliyoikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na yai la kuku wa kienyeji, bichi, lingali na joto la mwili wake. "Mama mkubwa amesema nilinywe kabla ya kuimba, sauti ilainike. Nilinywe sasa hivi au nisubiri zamu ya soprano ikaribie?"

Nilimwambia alirudishe nyumbani likachemshwe. Jioni ile, nikiwa kwenye basi la kurudi Njombe, mzazi mmoja akanipigia simu: mwanawe anaimba peke yake Jumapili, ampe tangawizi au asali? Jumatatu mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi akaniuliza awape nini watoto wake wanaojiandaa na mashindano ya UMITASHUMTA, maana "sauti zimekauka". Siku tatu, watu watatu, swali moja: wanywe nini?

Nimelijibu swali hili kwa upole kwa miaka mingi, kwenye veranda za makanisa, kwenye viwanja vya shule, stendi ya Makambako magari ya Songea na Mbeya yakipishana. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu nimechoka kuona watoto wenye masikio mazuri wakifundishwa kuamini kwamba sauti hupatikana jikoni. Hakuna kitu unachoweza kumeza kikaenda moja kwa moja kuigusa sauti yako. Yai haliwezi, tangawizi haiwezi, asali haiwezi, wala maji yenyewe hayawezi. Nasema hakuna, na siongezi neno "inategemea".

Kila aliyewahi kupaliwa anao ushahidi wote anaouhitaji. Unakunywa chai, mtu anakuchekesha, tone moja linakosea njia. Machozi yanakutoka, unakohoa mpaka mbavu zinauma, mwenzako anakupigapiga mgongoni. Tone lile lilikuwa limefika kwenye mlango wa nyuzi za sauti. Mwili haukulipokea kama dawa. Ulilitimua kama mwizi. Sasa jiulize: kama tone moja la chai linakufanyia hivyo, yai zima lenye ute lingekufanyia nini? Ukilinywa yai bila kukohoa, ujue halikufika kwenye sauti. Lingefika, usingeimba jioni hiyo, na huenda ungeishia hospitali. Njia ya tatu haipo.

Weka kidole kwenye kikoromeo chako, kisha umeze mate. Umekisikia kikipanda? Hapo zoloto, yaani kisanduku cha sauti, linajiinua, nyuzi za sauti zinafungana, na kifuniko kidogo kinalala juu yake ili chakula kipite nyuma, kwenye umio, kwenda tumboni. Nyuzi za sauti ziko mbele, kwenye njia ya hewa. Kazi yake ya kwanza, kabla ya wimbo wowote, ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachomezwa kinachoingia kwenye mapafu. Kwa hiyo anayesema anakunywa kitu ili kilainishe nyuzi hizo anataraji kilango kimpitishe mgeni yuleyule ambaye kiliwekwa kumzuia.

Yai likishuka tumboni linakuwa chakula, na ni chakula kizuri sana. Mtoto anayekula yai lililoiva kila siku atakuwa na nguvu ya kusimama saa mbili za mazoezi. Ila yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na sijawahi kumwona mwimbaji aliyeharisha usiku kucha akaimba vizuri asubuhi. Huo ute unaousikia kooni baada ya kulinywa uko kwenye kuta za koromeo, kule chakula kinakopita. Mwimbaji anausikia, anadhani sauti imepakwa mafuta, anajipa moyo, anaimba. Kilichomsaidia ni moyo aliojipa.

Tangawizi inachoma, na watu wanaamini kwamba kinachochoma kinatibu. Mchomo huo ni wa ulimi na koromeo. Kwa mwenye kiungulia, pilipili, tangawizi nyingi na malimao vinaweza kuchochea asidi ya tumbo, na asidi hiyo, tofauti na yai, ina njia ya kufika karibu na zoloto: inapanda kutoka chini usiku mtu akiwa amelala. Wapo waimbaji wanaoamka na sauti ya kukwaruza, wanakunywa tangawizi zaidi ili kuitibu, na kesho yake wanaamka na sauti mbaya kuliko ya jana. Kwa wengi kilichokuwa kinahitajika ni kula mapema na kusubiri saa mbili tatu kabla ya kulala, badala ya kurudi mazoezini saa nne usiku, kushiba ugali na kupanda kitandani.

Asali sina ugomvi nayo. Inatuliza kikohozi na inapoza koromeo lenye michubuko, mradi mtoto awe ameshatimiza mwaka mmoja. Kunywa chai yenye asali kwa sababu ni tamu na Njombe ni baridi. Usitegemee ikufundishe kuifikia fa bila kuibana shingo.

Peremende kali za koo ni jambo jingine. Zinapooza hisia, na mwimbaji aliyepooza koo anaendelea kuimba juu ya kidonda asichokisikia. Maumivu ni mlinzi wa getini. Ukimlevya mlinzi, usishangae nyumba ikivunjwa. Sababu hiyohiyo inawahusu wanaume wa besi wanaoniambia kwamba ulanzi au pombe kali "inafungua sauti". Pombe inafungua ujasiri na kuziba masikio. Mlevi anaamini anaimba sauti ya nne, na waliosimama pembeni yake wanasikia kitu kingine kabisa.

Sasa mafuta ya taa, na hapa siandiki kwa upole. Bado wapo watu wazima wanaomlambisha mtoto mafuta ya taa ili kikohozi kikatike na sauti irudi. Mafuta ya taa yakiteleza kidogo tu kuingia kwenye mapafu yanaleta nimonia ya sumu, na nimonia hiyo inaua watoto. Ukimkuta mtu anafanya hivyo, mzuie, hata kama ni mkubwa wako.

Dawa za dukani zimekuwa mtindo mpya. Mwimbaji ana mafua, sauti imekwama, tamasha ni kesho, anakwenda kununua vidonge vya amoksilini. Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Wengine wananunua predinisoloni bila kuonwa na daktari, kwa sababu kuna mtu aliwaambia inarudisha sauti kwa usiku mmoja. Dawa hiyo kweli inapunguza uvimbe, na hapo ndipo hatari ilipo: nyuzi zilizoumia zinajisikia nzima, mwimbaji anazipiga kwa nguvu zote, anazichana. Aspirini nayo inazuia damu kuganda haraka, kwa hiyo mishipa midogo ya kwenye nyuzi ikipasuka inavuja zaidi. Mtoto mwenye mafua hapaswi kupewa aspirini hata kwa sababu nyingine.

Limebaki la maji baridi. Kwaya nzima inaweza kukauka kwa kiu kwenye jua la mchana kwa sababu mtu aliwaambia maji baridi "yanaua sauti". Maji hayo yanapita njia ileile ya yai, kwa nyuma, na hayazigusi nyuzi. Ukipenda ya uvuguvugu, kunywa ya uvuguvugu. Usimnyime mtoto maji. Na kunywa tangu asubuhi, maana maji yanaifikia sauti kupitia damu, na safari hiyo ni ya saa kadhaa. Kikombe unachokunywa kwenye ngazi za jukwaa kinalowesha mdomo tu.

Kitu pekee cha nje kinachofika moja kwa moja kwenye nyuzi za sauti ni hewa unayovuta. Hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ya Juni na Julai ni baridi kali, na watu wanajifungia ndani na jiko la mkaa. Moshi ule unafika kwenye nyuzi. Vumbi la barabarani Makambako linafika. Sigara inafika. Mama anayemtafutia mwanawe yai la kienyeji mtaa mzima amemlaza chumba kimoja na jiko linalofuka, na jiko hilo, mbali na kuharibu sauti, linaweza kuua familia nzima usingizini kwa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tungeelekeza bidii tunayoiweka kwenye mayai kwenye madirisha, kwaya zetu zingekuwa na sauti safi kufikia Krismasi.

Kwa nini basi imani hii haifi? Wanaoishika ni watu wenye akili timamu. Mafua mengi yanapona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na aliyekunywa yai siku ya nne anampa yai sifa ya siku ya saba. Halafu mwimbaji mwenye hofu anayepewa kikombe cha moto anatulia, anashusha mabega, anavuta pumzi ndefu, na sauti inatoka vizuri kweli. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni sisi walimu. Mtoto akituuliza sauti inatengenezwaje, wengi wetu hatuna jibu, kwa hiyo tunampa dawa. Dawa ni jibu la mtu aliyekosa somo.

Na somo lipo. Nyuzi zile ni fupi: sentimita moja na nusu hivi kwa mwanamke mzima, mbili hivi kwa mwanamume. Wasichana wa soprano wanapoimba la iliyo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda, nyuzi zinagongana mara 440 kwa sekunde. Dakika moja ya noti hiyo ni mapigo 26,400. Waambie waimbe kwa nguvu zaidi na kila pigo linakuwa zito. Waanzishie wimbo juu kuliko uwezo wao na utakuwa umeziongezea nyuzi zao maelfu ya mapigo, tena zikiwa zimevutwa kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna mgonjwa wa sauti niliyemwona kwenye kwaya za vijana ambaye tatizo lake lilianzia tumboni. Karibu wote walianzishiwa wimbo juu mno.

Nimeshalishuhudia hili mara nyingi mno. Kijana anapakua wimbo wa kwaya kubwa ya mjini, ya watu wazima waliorekodi studio kwa siku kadhaa. Mpiga kinanda anautafuta palepale ulipo kwenye rekodi. Watoto wa miaka 14 wanauiga kwa kusikiliza simu, kila mmoja akifuata sauti inayosikika zaidi, ambayo ni soprano. Besi wanaimba soprano chini, alto wanaimba soprano kwa hofu, soprano wenyewe wanapiga kelele. Spika zimefunguliwa mpaka mwisho, hakuna anayejisikia, kwa hiyo kila mtu anaongeza. Kesho yake nusu ya kwaya imepoteza sauti na mtu anatumwa sokoni akanunue mayai. Wimbo huohuo ukiushusha hatua mbili, ukazima spika, ukawafundisha kila sauti peke yake kwa nota, hutahitaji kumtuma mtu popote.

Nota, ndiyo. Baadhi ya walimu wananiambia vijana wa leo hawana muda wa sol-fa. Mimi nasema vijana wa leo wananyimwa urithi wao. Herufi zile za do, re, mi tunazoziandika ubaoni zilipangwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiiendeleza kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover wa Norwich, aliyetaka watoto wa kawaida waweze kusoma muziki bila kuwa na piano. Wamisionari waliisambaza sol-fa Afrika kwa sababu haihitaji mistari mitano, na taipureta yoyote inaweza kuiandika. Ilipofika huku ilikoma kuwa yao. Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo na kuuandika kwa sol-fa ili wanafunzi wake wauimbe. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Muziki wa wimbo huo ndio tunaousimamia wima kila tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Wanafunzi wangu wanapolalamika kwamba sol-fa ni mambo ya kizamani, nawaandikia muziki wa wimbo wa taifa ubaoni kwa herufi bila maneno, nawaacha wausome polepole, noti kwa noti. Kuna dakika fulani wanapoutambua. Darasa linalipuka. Baada ya hapo hakuna anayeniuliza sol-fa ni ya nini.

Kisha nawapa mfano wa pili. Wamisionari wa Berlin walifika Ubena mwishoni mwa karne ya 19 na tenzi zao, na mpaka leo sharika za KKKT za huku zinaziimba nyingi kati yake kwa sauti nne. Lakini mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, aliandika Mfurahini, Haleluya, ukaimbwa kwa muziki wa Kitanzania. Leo wimbo huo umo kwenye kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani, namba 116, na wao ndio wanaojifunza kutoka kwetu. Kijana wa Njombe anayejua kuandika wimbo kwa nota anaweza kuutuma ukaimbwa mahali ambapo yeye mwenyewe hatafika kamwe. Anayeushika kwa kichwa tu, wimbo wake unakwenda naye kaburini. Ukitaka kijana apende muziki, mwonyeshe kwamba kuna mlango na kwamba ufunguo wake ni herufi saba.

Kuna watoto wengine wanaoumia kimyakimya kuliko wote: wavulana wa miaka 12 hadi 15. Zoloto linakua kwa kasi, nyuzi zinarefuka na kunenepa, na mvulana aliyekuwa nyota wa sauti ya kwanza anafungua mdomo zinatoka sauti mbili. Wenzake wanacheka, mwalimu anamwambia akae pembeni mpaka "apone", nyumbani wanamtengenezea yai. Mtoto huyo haumwi. Anakua. Ana noti tano au sita nzuri katikati, na kazi ya mwalimu ni kumwandikia sehemu ndogo inayokaa ndani ya noti hizo, na kuibadilisha kila baada ya miezi michache zinapohama. Wasichana nao sauti zao hubadilika umri huo, ila bila kelele: zinakuwa na pumzi nyingi na uzito kidogo. Wasibanwe. Hata mtunzi Joseph Haydn aliondolewa kwenye kwaya ya kanisa la Mtakatifu Stefano, Vienna, mwaka 1749, akiwa na miaka 17, kwa sababu sauti yake ya utoto ilikuwa imekwisha. Miaka karibu hamsini baadaye aliutungia ulimwengu wimbo mkubwa wa kwaya na okestra uitwao Uumbaji. Huyo alikuwa na bahati ya kuendelea peke yake. Wa kwetu wengi wanaondoka, wanakwenda kuendesha bodaboda, na hawarudi kwenye kwaya tena. Kisha tunashangaa kwamba kwaya zetu zina soprano thelathini na besi wawili.

Na yule anayeambiwa "huna kipaji"? Wapo watu wachache mno ambao ubongo wao kweli hautofautishi noti ya juu na ya chini. Wengine wote wanaoimba nje ya noti ni watu ambao hawajapewa nafasi ya kusikiliza kabla ya kutoa sauti. Mwambie anyamaze, asikilize noti, aiimbe kichwani, ndipo afungue mdomo. Mpe wiki sita. Nimewaona wakigeuka kuwa nguzo za alto.

Haya ndiyo ya kufanya, na nayasema haraka kwa sababu ni mepesi. Kunywa maji tangu asubuhi. Lala. Fungua dirisha, toa jiko nje, jifunge skafu shingoni ukipenda, maana joto halina ubaya. Anza mazoezi kwa dakika kumi za kupasha sauti: mluzi mwepesi, midomo ikitetemeka kama ya farasi, "mmm" ya chini, kisha panda hatua kwa hatua, usikimbilie juu. Vuta pumzi mpaka mbavu za chini zipanuke, mabega yakae. Fundisha kila sauti peke yake, halafu mbili mbili, halafu zote, bila spika. Shusha wimbo hatua mbili na uone. Imba nusu sauti kwenye mazoezi, hifadhi nguvu kwa siku yenyewe. Kila dakika arobaini pumzika kumi. Usikohoe kusafisha koo, meza mate. Usinong'one kwa nguvu ukidhani unapumzisha sauti, nyamaza. Mkesha wa kuimba kabla ya tamasha ufutwe. Mwenye mafua asikilize mazoezi akiwa na daftari, asiimbe. Kujifukiza mvuke kunaweza kupunguza ukavu, lakini usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ataungua. Bafu lenye mvuke linatosha. Mpiga kinanda ajifunze kupiga wimbo uleule katika do zaidi ya moja, hiyo ndiyo kazi yake. Mwalimu asiyejua nota atafute anayejua: kila dekania na kila jimbo lina mtu wa aina hiyo, mara nyingi mzee aliyesahauliwa kwenye benchi la nyuma, mpeni chai na chaki. Anayetaka kwenda mbali zaidi aulizie masomo ya muziki Makumira au kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo. Mwenye sauti ya kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu aende kituo cha afya aombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Anayetema damu, anayeshindwa kupumua au kumeza, aende leo.

Yule msichana wa yai alikaa mstari wa mbele Jumamosi ile. Wimbo ulikuwa umeanzishwa juu. Tuliushusha hatua mbili. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Nikamwomba aweke mikono kwenye mbavu. Mara ya tatu aliifikia noti aliyoiogopa, bila kuikaza shingo, akageuka kumtazama mwenzake kana kwamba ni mtu mwingine aliyeimba. Hakuwa amekunywa kitu chochote.

Jumamosi ijayo nitakuwa Makambako tena, saa nane mchana. Njooni na daftari, penseli na chupa ya maji. Anayekuja na swali aniulize wimbo unaanzia noti gani. Hilo nitalijibu hata usiku wa manane.